Kilichomo Kwenye Pua ya Ndege

Sakina mwanangu,

Nilianza kwa salamu nikazikata, maana mtu hamtumii salamu aliye nyuma ya ukuta. Nakusikia. Shangazi zako wamekukalisha kwenye mkeka wanakupaka hina, na kila anayeingia anapiga vigelegele kana kwamba ndiye aliyekuzaa. Mimi nimefukuzwa nyumbani kwangu. Mama yako kasema nyumba yenye bibi harusi haina kazi na mwanamume, niende kibandani nikakae na cherehani yangu. Basi nimekaa. Alasiri imekwisha, watu wa mtaa wetu wa Musinzira wanapita mlangoni na kunipa hongera, nami nawashukuru huku nikijiuliza kila mmoja wao anajua nini nisichokijua mimi.

Ya kupika, ya kufua, ya kuamka kabla ya wakwe, utaambiwa huko ndani mpaka masikio yachoke. Sina la kuongeza. Mimi nataka kukuandikia habari za ndege.

Ipo hapa mbele yangu juu ya meza ya kukatia, kati ya mkasi na pasi. Urefu wake ni kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole. Wakwe zako wa Muyinga walipoleta sanduku lako la nguo jana, walileta na kartoni moja iliyofungwa kamba, wakasema hii ni ya mzee. Shangazi zako walidhani ni koti. Mimi nilijua kabla ya kufungua, kwa sababu nilishaiona, na wewe unajua kwamba nilishaiona, ingawa hatujapata kuitaja hata siku moja. Ni ndege ya vita, ya jeti, ya plastiki, aliyoiunganisha Rajabu kipande kwa kipande kwa mikono yake. Huyo huyo Rajabu ambaye kesho nitamshika mkono mbele ya shehe nimwambie nimekuoza binti yangu.

Pamoja na ndege yamekuja maneno. Baba yake mdogo aliniinamia sikioni akasema, "Mzee, Rajabu anasema hivi: siku ile uliuliza iko nini ndani ya pua ya ndege. Kama ungali na mashaka, pasua uone. Sasa ni yako."

Wembe wangu wa kufumulia mishono uko hapa hapa kando. Tangu jana nautazama.

Wewe unacheka ukisoma hapa, nakujua. Unasema baba naye, ndege ya plastiki imemkosesha usingizi. Ngoja nikwambie nilikoitoa tabia hii, kisha ucheke ukitaka.

Uhuru ulipokuja nilikuwa kijana, najifunza cherehani kwa fundi mmoja hapa Gitega. Tulishona bendera. Katikati palikuwa na duara jeupe, na ndani ya duara tulidarizi ngoma na shina la mtama. Nilidarizi ngoma nyingi hata nikawa naziota. Miaka haikupita mingi, wakaja watu na bendera zile zile wakasema toeni ngoma. Fundi wangu akauliza tuweke nini mahali pake. Wakamwambia, toa kwanza. Tukafumua. Mtama ukabaki peke yake, kisha nao ukaondoka, zikaja nyota tatu. Lakini kitambaa hakisahau, mwanangu. Zile tulizofumua, ukiziinua kwenye mwanga wa dirisha ulikuwa unaiona ngoma yote, imebaki kwa matundu ya sindano.

Ndiyo siku nilipoanza kugeuza kila kitu nione upande wa ndani. Na baadaye ikaja miaka ambayo mtu akikuuliza jina la jirani yako, unajifanya umeangusha sindano unaitafuta. Wapo wateja niliowapima suruali wasirudi kuzichukua, na hatukuulizana wamekwenda wapi. Suruali zile nilizikunja nikaziweka chini kabisa ya sanduku. Aliyeishi miaka ile bila kumshuku mtu, ama alikuwa na bahati ama hayupo. Kwa hiyo siombi radhi kwa kushuku. Iliniokoa. Kosa langu ni kwamba hatari ilipopungua, mimi sikupunguza. Niliichukua tabia ile nikaingia nayo nyumbani, nikala nayo chakula.

Zamani hizo mama yako alikuwa na kawaida ya kwenda Bukirasazi kila siku ya soko. Alisema anafuata maharagwe. Mimi nikajiambia, maharagwe Gitega yapo, tena tele. Nikaanza kumtazama anavyofunga kitenge akitoka, anavyokifunga akirudi. Mwisho nikaazima baiskeli na kofia ya mtu, nikamfuata. Nikajificha nyuma ya lori lililopakia mihogo. Nikamwona ameketi kwenye ua wa nyumba moja na mwanamke mwenzake, wanachambua maharagwe kwenye ungo na kucheka. Kicheko kile sijawahi kukisikia nyumbani kwangu. Nikawa nangoja nione nani mwingine atatokea. Hakutokea mtu. Yeye ndiye aliyeinuka, akaja moja kwa moja mpaka kwenye lori.

"Baba Sakina," akasema, "kamba za hivyo viatu nilitia mimi. Toka huko nyuma, ubebe gunia."

Nikabeba. Njiani akanieleza bila kuulizwa kwamba yule ni Asha, walisoma chuo cha Kurani pamoja wakiwa wadogo, na kwamba maharagwe ya Bukirasazi ni bora kwa kuwa anayachambua mwenyewe. Ndiyo yalikuwa yote. Wewe ulikuwepo, mgongoni mwake, umelala.

Sikiliza sasa, maana hili ndilo ninalotaka ulichukue. Mama yako hakunigombeza, wala hakuwaambia ndugu zake. Lakini kabla ya siku ile, alikuwa akirudi sokoni ananisimulia kila kitu: nani kajifungua, nani kanunua mbuzi kilema, padri kaanguka na pikipiki. Mimi nilikuwa nashona na yeye anasimulia. Baada ya siku ile akawa anasema, "Natoka." Akirudi anasema, "Nimerudi." Nikimwuliza ananijibu, na majibu yake ni kweli tupu, sijamkamata na uwongo mpaka leo. Lakini kujibu si kusimulia. Nimeishi na mwanamke mwaminifu kama askari wa barabarani anavyoishi na dereva mwenye karatasi zote. Inaniuma. Sikuwahi kumwambia kwamba inaniuma.

Sasa turudi kwa Rajabu.

Baba yake mdogo alipokuja kuleta posa, alisema kijana alikuona mara moja tu, kwenye harusi ya watu hapa Gitega, akauliza yule ni binti wa nani. "Hawajasemeshana hata neno," akasema, mara mbili, na mimi mtu akiniambia jambo mara mbili huwa najiuliza ya pili ni ya nini. Nikakutazama. Ukautazama mkeka. Nikaomba muda wa kufikiri.

Siku chache baadaye nikawaambia nakwenda soko la Gashoho kuangalia vifungo. Mama yako alikuwa anapepeta mchele, hakuinua kichwa. "Ukimchunguza sana bata, humli," akasema. Nikajifanya sikusikia. Gashoho nilifika kweli, nikanunua vifungo vya kanzu ili uwongo wangu uwe na ushahidi, kisha nikapanda pikapu nikaenda Muyinga.

Rajabu, kama ujuavyo, anatengeneza redio kwenye chumba cha nyuma ya duka la Bwana Akbar, yule Mhindi anayeuza vitambaa na sufuria. Nikaingia dukani kama mteja. Nikashika popelini, nikauliza bei, nikashika nyingine. Bwana Akbar kazaliwa Muyinga, baba yake kazaliwa Muyinga, hadanganyiki na mtu wa Gitega.

"Fundi," akasema, "we haukuje kwa sababu ya popelini. Rajabu iko naswali. Ngoja kule ndani."

"Ni kijana wa namna gani?"

"Ubaya wake iko moja tu. Akianza kazi, adhana ya kwanza hasikie. Ya pili anasikia."

Nikaingia. Mlango haukuwa na kufuli, hilo nalo nikalitilia shaka: mtu asiye na kufuli ama hana cha kuficha ama amekificha vizuri sana. Redio zimefunuliwa matumbo rafuni. Kitanda kimetandikwa. Na mezani, mwanangu, kichupa cha rangi ya kucha. Nyekundu. Chumbani kwa kijana asiye na mke. Moyo wangu ukafanya kama sindano inapogonga bamba. Nikasema haya basi, safari imelipa. Kando ya kichupa palikuwa na kitu kimefunikwa kitambaa cheupe, na kitu kilichofunikwa mimi siwezi kukiacha. Nikafunua. Ndipo nilipoiona ndege.

Nilikuwa ninaikagua hivyo, nimeinama, pua yangu karibu na bawa, Rajabu akaingia.

"Mzee, usiguse bawa," akasema kwa upole. "Rangi iko inakauka."

Hakuniuliza nafanya nini chumbani kwake. Alinipa kigoda. Mimi sikukaa. Nikainua kichupa. "Na hii ni ya nani?"

"Ya taa, mzee."

"Taa gani?"

"Ndege yoyote iko na taa nyekundu ku bawa la kushoto. Kuume iko ya kijani. Kijani sijaipata. Wanawake wa huku hawapakake kijani."

Kutoka dukani Bwana Akbar akadakia: "Siku alinunua nilimuuliza kama iko anaolewa."

Nikamwuliza kaipata wapi ndege ya wanajeshi. Akanieleza kwamba boksi lilikuja na mzigo wa Bwana Akbar, likakaa dukani muda mrefu bila mnunuzi. Juu pamechorwa ndege inaruka, ndani kuna vipande vidogo vidogo vimeshikana kwenye vijiti, na kila mteja aliyefungua alisema nani anunue ndege iliyokwisha kuvunjika. Bwana Akbar akachoka, akampa yeye.

Nikatafuta mshono. Kazi yangu ni mishono, na kitu chenye mwili wa mviringo namna ile hakiwi bila mshono. Nilipitisha jicho mgongoni, tumboni, sikuuona.

"Iko hapa katikati," akasema. "Ilikuwa nusu mbili. Nilibandika na gundi, nikapiga msasa, nikapaka, nikapiga msasa tena."

"Mimi mshono nisiouona siuamini."

"Hata mi, mzee. Nilikuwa nautafuta kila siku asubuhi ku mwanga."

Nikamwuliza kwa nini kwenye mkia ameipaka uchafu. Alikuwa ametengeneza masizi, ya taa ya mafuta, kayachanganya na kitu, kayapaka kwa brashi nyembamba pale moto unapotokea, na kwenye mistari ya mabati ya mabawa kapitisha wino uliokolezwa maji, ionekane imetumika. Mtu anachukua kitu kipya anakizeesha. Kwetu sisi mafundi wa nguo anayefanya hivyo ni mwizi.

"Ndege yenye kuruka inachafuka," akasema. "Ikiwa safi kabisa, hiyo ndio ya uwongo."

"Na hii ni ya nchi gani? Sioni alama."

"Alama zilikuwa ku karatasi, unatia mu maji zinaachana. Zilikuwa za zamani sana, zikavunjikia mu maji. Basi, donc, haina nchi."

"Utaichagulia ipi?"

Akafikiri. "Nitaiacha hivi."

Nikakumbuka zile bendera zenye matundu. Jibu lile lilinipendeza, na mimi jambo likinipendeza ndipo ninapozidisha macho. Nikaomba kuiinua. Akaniwekea vidole mahali palipokauka. Ilikuwa nyepesi kama karatasi nyuma, lakini mbele ilivuta chini. Pua nzito.

"Iko nini humu?"

"Gololi za baiskeli, mzee. Bila hizo inakalia mkia, magurudumu ya mbele yanabaki juu."

"Nitajuaje kama ni gololi?"

Akaitazama ndege, akanitazama mimi. "Hutajua, mzee. Nilishafunga."

Hakuwa na jeuri. Alilisema kama mtu anayekuambia duka limefungwa.

Nilitaka kuirudisha mezani. Ndipo nikachungulia kwenye kile kioo kidogo cha juu, anapokaa rubani. Ndani palikuwa na kiti, si kikubwa kuliko kucha yangu. Na kwenye kiti mikanda miwili imeshuka mabegani, ya uzi.

Sakina, unajua ninavyotengeneza uzi wa shingo za kanzu. Nachukua uzi mweupe wa maziwa na uzi wa kahawia, nazipaka nta, nazisokota pamoja. Mafundi wote ninaowajua husokota kuelekea kulia. Wewe tangu ulipoanza kunisaidia unasokota kuelekea kushoto, kwa sababu mkono wako ni wa kushoto. Kwenye sahani nilikukataza mkono huo mpaka ukalia. Kwenye uzi nilikuacha, kwa kuwa uzi wako unakaza kuliko wangu. Uzi wa namna hiyo ukiulaza, mistari yake inapanda upande usio wa kawaida. Siku ya Idi nikiwa msikitini nyuma ya watu, naweza kukuonyesha shingo ipi uliisokota wewe na ipi nilisokota mimi.

Mikanda ile ya rubani ilikuwa inapanda upande wako.

"Unaangalia nini, mzee?"

"Kiti. Uzi huu ni wa wapi?"

Yule kijana aliyekuwa na maelezo ya masizi, ya taa, ya gololi, ya kila kitu, akatazama chini. "Uzi tu, mzee," akasema.

Hapo nilijua ananidanganya. Nilijua pia kwamba uwongo ule haukuwa wa kujilinda yeye. Nikanywa chai aliyonipa, nikaondoka.

Nilipanda gari la kurudi nikiwa nimewaka. Uzi hautoki Gitega kwenda Muyinga kwa upepo. Kuna aliyeomba na kuna aliyetoa, kuna siku mlikutana na kuna aliyewafichia, na mimi nikaambiwa hawajasemeshana hata neno. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, na safari hii kilikuwa nguoni mwangu kweli, tena kimepakwa nta yangu. Njia nzima nilikuwa napanga maswali. Nitaanza na hili, akijibu hivi nitamwuliza lile, nitamwita na mama yake. Nilipofika Musinzira nilikuwa tayari kama wakili.

Wewe ukaja kunipokea mkoba. Ukaketi hapa, kwenye kiti cha mteja, ukaanza kunisimulia jinsi kuku wa jirani alivyoingia chuoni wakati wa somo, maalimu akapanda juu ya benchi. Ulikuwa unacheka hata huwezi kumaliza. Sikuwa nimekuuliza.

Nikakaa pale na maswali yangu yote mdomoni. Nikaona wazi kabisa jinsi itakavyokuwa. Nikikuuliza habari ya uzi, utanijibu. Hutadanganya, wewe ni mtoto wa mama yako. Utanijibu kila nitakaloliuliza, na tangu siku hiyo utakuwa unanijibu. "Natoka, baba." "Nimerudi, baba." Niliogopa, mwanangu. Miaka ile mibaya niliogopa kwa namna nyingine, lakini na hii ilikuwa hofu.

"Gashoho ilikuwaje?" ukauliza.

"Vifungo vimepanda bei," nikasema.

Na wiki haikuisha nikawaita wale watu nikakubali. Umeshangaa muda wote huu, nimekuona. Mama yako alishangaa zaidi. "Umekubali upesi hivi, Baba Sakina. Umeona nini huko?" Nikamwambia vifungo. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe nikamwona yeye ananishuku mimi, na nakiri ilinipa raha kidogo.

Sasa unajua kwamba nilijua. Sikuandika haya ili ujitetee. Usije ukaniandikia maelezo.

Bado nina mashaka na Rajabu, nisikufiche. Mtu anayeweza kuufuta mshono asiuone hata fundi cherehani, anaweza kufuta mengine. Mtu anayesema "pasua uone" ama ana moyo mweupe, ama ananijua vizuri kiasi cha kujua nitaona haya. Nimelipindua neno lake tangu jana kama koti la mtumba, na kila nikiligeuza naona bitana nyingine. Huenda ukamkuta na ubaya ambao mimi na Bwana Akbar hatukuuona. Ukimkuta nao, mlango huu uko palepale, na hutaulizwa swali mlangoni. Lakini ukiona kitu chake kimefunikwa, usifanye kama mimi. Mwulize akiwepo, au subiri akufunulie. Utakachokipata kwa kunyemelea kitakuwa kweli, na kitakugharimu.

Nilikuwa nimefika hapa, mama yako akaingia na chai. Akauona wembe, akaiona ndege.

"Utapasua?"

"Sijaamua."

"Ukikuta gololi?"

"Nitakuwa nimejua."

"Na ukishajua?"

Nikauchukua wembe, nikaufunga kwenye karatasi yake, nikautia kwenye droo ya bobini. Sikufanya hivyo ili anione, ingawa najua utadhani hivyo. Kisha nikaiweka ndege sawasawa juu ya meza, kwa magurudumu yake matatu. Haikukalia mkia. Kuna kitu ndani na kinaishika, na hilo linanitosha kwa leo. Kesho sijui, itakuwa mezani kwangu kila siku na wembe uko kwenye droo chini yake. Nimeitikisa tu, mara moja. Haikulia.

Mama yako hakuondoka. Akasogeza vifungo, akakaa kwenye kiti cha mteja, kiti ambacho hajakikalia miaka. Akapuliza chai yangu kama ni yake. Akasema, "Asha wa Bukirasazi amekuja. Iko ndani na shangazi zake Sakina. Alipoingia tu, kiatu kikakwama mu matope ya mlangoni, akaingia na kimoja, hakuna aliyemwambia mpaka amekaa." Akaanza kucheka. Akaendelea, nani kaunguza wali, nani kalia kabla ya wakati, nani kavaa kitenge cha mwenzake. Mimi nilikuwa nimeshika kipande cha kitambaa kisicho na kazi. Nikakitia kwenye cherehani nikakishona, mshono juu ya mshono, ili nisimtazame, maana niliogopa nikimtazama atanyamaza. Sikumwuliza hata neno moja. Akanisimulia mpaka adhana ya magharibi.

Ndani ya bahasha hii nimetia ushanga mmoja wa kijani. Mpe Rajabu. Mwambie ni taa ya bawa la kuume, na mimi gundi yake siijui, aje aibandike mwenyewe. Mje wote.

Nimetia pia nyuzi mbili, nyeupe na ya kahawia, hazijasokotwa. Tangu kesho nyuzi za kanzu za Gitega zitakuwa zinapanda kulia zote, na hakuna atakayejua isipokuwa wewe na mimi.

Siku utakayokuja, kaa pale pale kwenye kiti cha mteja. Ukipenda, unisimulie uzi wangu ulifikaje Muyinga. Usipopenda, nisimulie habari za kuku. Mimi sitakuuliza. Nitakuwa nashona.

Baba yako